Shangazi Alibaki Ukurasa wa Pili

Mimi sina subira na mtu anayeniambia kitu cha bure hakifai. Wengi wa wasemaji hao wameingia kwenye sekretaria yangu na kle mkononi, ile flashi ya kuhifadhia mafaili, nyuso zimesawajika kama za wafiwa. Wameichomeka kwenye mashine zao wakakuta kila faili limegeuka kuwa njia ya mkato isiyofika popote. Naichomeka kwenye ordinateri yangu, kompyuta ya Linux, ambayo virusi vile haivijui wala haina habari navyo, na mafaili yote yanaonekana yamekaa palepale yalipofichwa. Nayatoa, nasafisha, narudisha. Mwenye kle ananishukuru, murakoze sana, kisha kabla hajavuka mlango anauliza kwa nini situmii Windows kama watu wazima.

Sekretaria yenyewe ni chumba kimoja jirani na soko la Rumonge. Ina meza mbili, printa moja, fotokopi moja inayokohoa, na benchi ambalo watu hukaa hata kama hawana barua. Naandika maombi ya kazi, mikataba ya viwanja, ratiba za arusi na za matanga. Windows niliwahi kuitumia, ile ya wizi tuliyopeana mkono kwa mkono mji mzima, na kila asubuhi ilinikumbusha kwenye kona ya kioo kwamba mimi ni mwizi. Siku ilipokata roho na barua za watu tumboni, mteja mmoja, mwalimu wa hesabu, akaniwekea Linux na LibreOffice ya kuandikia, zote za bure, huku anangoja fotokopi zake. Sijarudi nyuma tangu hapo.

Nisiwe mnafiki, programu za bure zina vituko vyake. Ile programu ya kurekebisha picha nilikaa nayo wiki nzima nikitafuta namna ya kukata picha ya pasipoti, na aliyeipanga vile naamini hajawahi kusimamiwa na mteja mwenye haraka. Lakini LibreOffice ina adabu. Umeme wetu hukatika bila hodi, na ukirudi, yenyewe inakuuliza kama ungependa kurudishiwa barua uliyokuwa ukiiandika. Nimewahi kuolewa na mwanaume asiye na adabu hiyo, ndiyo maana nikaachika.

Wa pili nilimpata kwa njia ya kle. Ana kibanda cha kutengeneza simu upande wa pili wa soko, na anajitangaza fundi kwa herufi nyekundu. Akaja siku moja na kle imejaa virusi, mbele ya benchi zima. Nikaifungua, mafaili yake yakajitokeza, na badala ya kushukuru akaangalia kioo changu akasema, "Hii ya bure? Rahisi ghali, dada."

"Ghali yako ndiyo iliyokuleta hapa," nikamwambia.

Benchi likacheka. Kesho yake akarudi na kle nyingine. Nikaichomeka, haina tatizo hata moja. Keshokutwa akaleta ya tatu, nzima vilevile. Nilikuwa na miaka thelathini na minane na mtaani walishanihesabu miongoni mwa wasioolewa tena, lakini sikuwa mjinga. Nilijua fundi anayeleta kle nzima anatafuta nini.

Uchumba wetu ulikuwa ugomvi mtupu. Yeye anasema kitu kisicho na mwenyewe hakina wa kulalamikiwa. Mimi namuuliza, wewe Windows yako ya wizi ikiharibika unamlalamikia nani, utakwenda kujishtaki? Anasema filamu zake zote zinafunguka. Nami namwambia zinafunguka kwa VLC, na VLC ni ya bure, kwa hiyo anakula kwangu na kusifu jiko la jirani. Hapo huniuliza kama nimekula. Tulipatana kufunga ndoa bila kupatana juu ya hilo.

Sasa niseme habari ya Shangazi, kwa maana bila yeye hakuna hadithi wala arusi. Ni dada mkubwa wa baba yangu, anakaa Gatete, na ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa sijaota meno ya pili. Ana michikichi na ana mashine ya kukamua mawese, chuma kizee chenye parafujo kubwa katikati na mti mrefu unaosukumwa kwa kuzunguka. Masomo yangu ya sekretaria yalitoka kwenye mafuta yale. Nikirudi likizo nilisukuma ule mti mpaka mabega yanawaka moto, na yeye alikaa kando akipepeta chikichi na kuniambia kusukuma ni kusoma pia. Shangazi hajui kusoma. Wala haoni aibu, husema macho yake yana kazi nyingine.

Kwetu Waswahili wa ufukwe huu wa ziwa, bibi arusi hatoki chumbani mpaka shangazi yake amshike mkono. Nikahi huko nje inaweza kuwa imekwisha, bwana arusi ametoka jasho kwenye kanzu, pilau linapoa. Bila mkono wa shangazi utakaa humo ndani. Na pia kwetu mkubwa ndiye anayefunga maneno. Wadogo wanatangulia kusema, mkubwa anamaliza, na akishasema hakuna wa kuongeza.

Kwa hiyo nilipoiandika kadi ya arusi, kwa mikono yangu, kwa LibreOffice yangu, nilimweka Shangazi chini kabisa. Juu kaka yangu, kisha baba wadogo na wake zao, kisha upande wa bwana arusi, mahali, siku, saa. Halafu chini, peke yake, kwa herufi kubwa kuliko zote, nikaandika kwamba anayewakaribisha nyote mlangoni ni shangazi yake, aliyemlea, na jina lake kamili pamoja na la baba yake. Herufi nilizitafuta siku mbili kwenye mtandao, herufi za bure, nyembamba na za madaha. Kadi ikakaa ukurasa mmoja, haikubakiza nafasi hata ya kutia nukta.

Nilikwenda kumwambia. "Jina lako linafunga, Shangazi."

"Peke yake?"

"Peke yake. Na ni kubwa."

Aliendelea kupepeta. Lakini nasikia kabla ya jioni kila mtu aliyeleta chikichi kukamua alishaambiwa.

Kadi ngumu sina uwezo wa kuichapa mimi, printa yangu inazitafuna. Zilikwenda kwenye nyumba ya uchapaji, na hao wanatumia Word. Mchumba wangu akanisimamia begani. "Tuma PDF," akasema. "PDF haichezi. Ulivyopanga ndivyo watakavyoona."

Alikuwa na haki. Mimi mwenyewe wateja ndivyo ninavyowaambia. Lakini siku ile nilisikia kitu kingine. Nilisikia kwamba programu yangu haiwezi kusimama mbele ya programu yao, kwamba ifungwe kwenye sanduku ndipo isafiri. Nikamwambia LibreOffice inaandika faili la Word kama Word yenyewe, na kama anaona haya kuoa mwanamke wa bure aseme mapema. Nikalituma faili la Word. Akainua mikono, akaenda zake kwenye simu zake.

Kilichotokea kule nilikijua baadaye, na ni kitu kidogo mno. Zile herufi zangu nyembamba mashine yao haikuwa nazo. Mashine ikikosa herufi ulizotumia inaweka nyingine inazozijua, nayo ilichagua nene. Kila mstari ukanenepa, mistari ikasukumana kushuka chini, na wa mwisho ukaangukia ukurasa wa pili. Mchapaji alikuwa ameagizwa kadi ya ukurasa mmoja. Akachapa ukurasa mmoja, na nyuma yake akatia ua.

Boksi la kadi lilipofika nilitoa moja, nikatazama jina langu, nikatazama jina la bwana arusi, nikaona yanapendeza. Nikarudisha mfuniko. Nani anayesoma kadi ya arusi yake mpaka chini? Mchumba akazigawa, na ya Gatete akampa jirani wa Shangazi, mama mmoja anayeleta samaki sokoni.

Mama huyo ndiye aliyerudi kwangu siku mbili baadaye. Hakukaa kwenye benchi. Alisimama mbele ya meza, beseni bado liko kichwani.

"Amahoro, mama," nikamsalimu.

"Amahoro. Ile kadi mimi ndiye niliyemusomea. Aliita watu, wale wa kwenye mashini wote, wakakaa. Nikasoma, nikasoma, nikafika chini. Akaniambia, 'Endelea.' Nikamwambia, 'Imeisha, dada.' Akaniambia, 'Geuza.' Nikageuza. Kule nyuma iko maua tu."

"Kisha?"

"Kisha akaenda kuangalia moto. Moto wenyewe ulikuwa umezimika tangu asubuhi." Akalishika beseni vizuri. "Ameniambia nikwambie hatakuja."

Nikachukua kadi na kuisoma mpaka chini kwa mara ya kwanza. Ilimalizikia kwenye saa ya arusi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata siku niliyorudishwa kwetu na masanduku yangu. Nilimfikiria pale katikati ya watu aliowaita mwenyewe, anangoja jina lake, na hana hata njia ya kujisomea ili ajue kama anaonewa.

Essence, petroli yenyewe, haikuwepo mji mzima, kama kawaida, kwa hiyo nilikwenda Gatete nyuma ya baiskeli ya kukodi, ordinateri yangu ndogo ya kukunja nimeipakata kama mtoto mgonjwa. Nilimkuta anaosha madumu. Alinikaribisha kwa heshima zote, akanitolea kiti, na hapo ndipo nilipoogopa, maana Shangazi mimi huwa ananirushia kopo na kuniambia nichote maji.

Nikafungua ordinateri. Nikamweleza herufi, nikamweleza mashine mbili zisizoelewana, nikamwonyesha kwenye kioo jina lake lilivyo zima. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ni ordinateri," akasema.

"Ni ordinateri, Shangazi."

"Ordinateri iko na shangazi?"

"Hapana."

"Basi haiwezi kumusahau." Akageuza dumu, likatoa maji. "Hii mashini yangu watu wote wanakamulia hapa, siwaombi kitu. Mafuta yakitoka na takataka, simuulizi mashini. Namuuliza nani aliyefunga parafujo."

Nilitaka kumjibu. Mimi ni mtu wa kujibu, benchi zima linajua. Nikafunga ordinateri. Nikamwambia ni mimi. Kwamba niliambiwa njia nzuri nikaikataa kwa kiburi, ili nimwonyeshe mwanaume kwamba programu zangu hazina kasoro, na jina lake ndilo nililolichezea kwenye ubishi huo. Na kwamba kadi zilipofika sikusoma.

"Nimesikia," akasema. Akanifungia dumu la mawese la kurudi nalo, kama mgeni yeyote. Hakusema atakuja.

Njiani nililia, na mwendesha baiskeli aliheshimu hilo kwa kutopiga mluzi. Nilipofika kibandani kwa mchumba nilimngoja aseme "nilikwambia". Akafungua kinywa, akaangalia macho yangu, akakifunga. Halafu akasema, "Nilikwambia." Nikamrushia kifuniko cha simu ya mteja. Akakiokota, akakipangusa, akauliza tunafanya nini.

Sikuwa na namna ya kuchapa kadi upya, na hata ningekuwa nayo, kadi mpya haimfuti mtu aliyeambiwa imeisha mbele za watu. Niliketi kwenye mashine yangu nikafungua lile faili, nikalitia herufi nene ili likae kama walivyoliona kule, nikaenda ukurasa wa pili. Ulikuwa mweupe mtupu, na juu kabisa mstari mmoja wa Shangazi. Nikauchapa huo. Printa yangu haipendi karatasi ngumu, na karatasi nyeupe zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo nikachapa kwenye karatasi za manjano za kufungia mitihani ya walimu. Nikauhifadhi kwa PDF, mtanisamehe. Tangu siku ile natuma PDF, hata nikimwandikia mtu aninunulie sabuni.

Kisha nikazunguka Rumonge nyumba kwa nyumba, kila mahali kadi ilipofika. Bibi arusi kwetu anatakiwa akae ndani, apakwe liwa, asionwe na jua. Mimi nilikuwa juani na bahasha, napiga hodi. Nasema, "Huu ni ukurasa wa pili wa kadi yetu. Nilikosea. Naomba muusome." Wengine waliuliza kama kuna wa tatu. Mzee mmoja mwenye duka la vitambaa, wa zile familia za Kiarabu za zamani, alisoma mstari ule, akavua miwani, akaniuliza ni mashine gani iliyofanya mambo haya. Nikamwambia haikuwa mashine. Benchi langu la sekretaria lilinicheka wiki nzima, wakisema hata bure ina gharama ya viatu. Sikuwajibu, na hilo ndilo lililowatisha.

Gatete sikupeleka, ila yule mama wa samaki aliniomba wake pale sokoni. Niliona haya kumpelekea Shangazi karatasi ya manjano.

Siku yenyewe ikafika. Nikahi ikasomwa adhuhuri, kaka yangu akiwa walii. Nikasikia vigelegele uani, na mimi nimekaa chumbani juu ya kitanda cha wifi yangu, nimepambwa, hina imekauka, wanawake wamejaa mpaka dirishani. Basi tukangoja. Mke wa baba mdogo akatoka, akarudi, akasema bwana arusi anauliza. Akasubiri kidogo, akasema yeye anaweza kunishika mkono, ni jambo la dakika mbili, watu wana njaa.

"Hapana," nikasema.

"Hatakuja, mwanangu. Alisema."

"Basi tutakaa."

Nilisema kwa ukali. Niliwaza kwamba nitatoka mlango huu kwa mkono wa mtu mwingine, na kwamba kila nitakapogombana na mume wangu juu ya mashine nitakumbuka. Pilau lilinukia mpaka ndani.

Kisha nikasikia huko nje sauti ya Shangazi akimkemea mtu kwamba baiskeli haiegemezwi kwenye turubai. Akaingia. Alikuwa amevaa vitenge vipya na vidole bado vina wekundu wa mawese ambao hautoki kwa sabuni yoyote. Hakunisalimu. Wanawake wakampisha, akaketi kwenye kiti mbele yangu, akafungua fundo la kitenge, akatoa kadi, ile ile aliyoletewa, imekunjwa mara nne.

"Soma," akasema.

"Shangazi, hiyo ndiyo ile..."

"Naijua. Wewe ndiye uliyeandika. Soma."

Nikasoma. Nikamsoma kaka yangu, nikawasoma baba wadogo na wake zao, mmoja mmoja, na wake hao wamesimama pale wanasikia. Nikausoma upande wa bwana arusi, mahali, siku. Nikaisoma saa, ambayo ilikuwa imeshapita. Nikafika chini.

"Endelea," akasema.

Nilimtazama, akanitazama, na macho yale yenye kazi nyingine hayakunipunguzia hata kidogo. Ndipo nikasikia mikoba inafunguka. Mke wa baba mdogo akaingiza mkono kifuani, akatoa karatasi ya manjano. Wifi yangu akatoa yake. Yule mama wa samaki alikuwa nayo ndani ya ushungi. Kila mmoja alikuja nayo, zikanyooshwa kwangu kutoka pande zote, na iliyonifikia kwanza ilikuwa na alama ya mafuta.

Nikaishika. Nikasoma kwamba anayewakaribisha nyote mlangoni ni shangazi yake, aliyemlea. Nikasoma jina lake, na la baba yake, polepole, mpaka nukta. Akaichukua ile karatasi, akaniuliza ni wapi, nikamwonyesha, akaweka kidole chake chekundu juu ya jina na kukiacha hapo kwa muda.

Akaikunja pamoja na kadi, akazifunga zote mbili kwenye fundo la kitenge.

"Sasa imeisha," akasema, akanishika mkono, tukatoka.